Sensa ya Chini ya Rejeta

Golf GTI yangu, ya kizazi cha 7, ililala gereji tangu jioni kwa sababu fundi alikataa kuigusa ikiwa ya moto. Asubuhi, katika uwanja wenye mafuta mafuta huko Industrial Area, Nairobi, aliweka kiganja juu ya rejeta, akakituliza hapo, kisha akamwambia kijana wake, "Imepoa. Lete bisibisi."

Nilikuwa nimemletea intakula, kile kipozea hewa inayotoka kwenye turbo, kubwa kuliko ile ya kiwandani. Turbo hushindilia hewa, na hewa ikishindiliwa hupata joto na kupanuka. Kila joto lake likipanda nyuzi 3 hivi, injini inavuta hewa pungufu kwa takriban asilimia 1. Sisi wa Nairobi tuko mita 1,700 hivi juu ya bahari, ambako mgandamizo wa hewa uko chini ya ule wa Mombasa kwa karibu asilimia 18. Turbo inajikaza zaidi kufidia pengo hilo, na joto linazidi. Kwa hiyo intakula nzuri ina faida kubwa huku kwetu.

Ila kwenye gari hili intakula imebanwa katikati, kondensa ya AC mbele yake na rejeta nyuma yake. Na pale chini, paipu inaporudisha maji yaliyopozwa kwenye injini, imechomekwa sensa ndogo isiyozidi kidole gumba. Kazi yake ni kuiambia kompyuta ya gari maji yametoka rejeta yakiwa na joto gani. Intakula ya kiwandani ina ncha za plastiki, nyepesi. Nyingi za kununua zina ncha nene za alumini, zenye kona. Ukiipitisha kwa haraka, kona moja inatosha kuipiga soketi ya sensa ambayo miaka ya joto na baridi imeshaikausha ikawa kama ganda la yai.

Najua gharama yake. Gari langu la awali lilirudi kutoka gereji nyingine likiwa na intakula mpya inayong'aa na feni zinazovuma bila kukoma, hata alfajiri. Waya mmoja wa sensa ulikuwa umekatikia ndani ya ganda lake, mahali jicho halifiki. Sensa ya aina hii hupunguza ukinzani wa umeme kadiri joto linavyopanda. Waya ukikatika, kompyuta huona ukinzani usio na mwisho, kana kwamba maji yameganda barafu. Inajua hilo haliwezekani, inawasha taa ya injini na kuzungusha feni ili kujikinga. Kwenye mashine ya kusomea hitilafu ilitokea P2185, nami nikalipia kazi mara ya pili.

Ndiyo maana nilivuta kiti nikamtazama fundi huyu. Bampa ilipotoka, hakukimbilia intakula. Alipiga picha kila soketi kwa simu. Akapuliza vumbi kwa kompresa kuizunguka sensa, kwa sababu mchanga ulioingia chini ya kilimi cha soketi hukifanya kigome, na kilimi kinachogoma ndicho kinachovunjwa kwa bisibisi. Kisha akakibonyeza kwa ukucha, akaisukuma soketi ndani kidogo kabla ya kuivuta nje. Alishika ganda lenyewe, waya hakuzigusa. Soketi akaivika kipande cha nailoni, akaifunga juu kabisa, mbali na njia ya intakula.

"Kijana, waya ukiuvuta leo hautakatika leo," alimwambia msaidizi wake. "Utakatika mteja akiwa Mtito Andei."

Baada ya hapo ndipo alipoachia bolti za fremu ya mbele na kuisogeza kupata nafasi. Akalaza kadibodi juu ya mapezi ya rejeta, yale mabati membamba yanayopinda hata kwa kucha. Intakula mpya ikaingizwa na watu wawili, ikatolewa, ikaingizwa tena, bila kufungwa bolti hata moja. Mara zote mbili alipitisha kidole kati ya kona ya alumini na sensa. Mara ya kwanza kidole kilikwama. Akahamisha kishikio kidogo upande wa pili, na mara ya pili kidole kikapita bila kugusa kitu. Injini hutikisika, alisema. Vitu viwili vinavyogusana gari likiwa limezimwa vitasagana likiwa barabarani.

Soketi ikarudi na kutoa mlio mdogo, *tak*. Aliivuta taratibu kuhakikisha imeshika, akarudisha waya kwenye klipu zake za zamani, moja baada ya nyingine.

Nilidhani tumemaliza. Akaniomba gari lilale tena. Asubuhi ya pili, kabla injini haijawashwa, akachomeka mashine na kunionyesha mistari mitatu: joto la maji kwenye injini, joto la maji yanayotoka rejeta, joto la hewa inayoingia. Gari lililolala usiku kucha lina joto moja kila mahali, kwa hiyo sensa zote zinapaswa kusema karibu jambo moja. Zilisoma 17, 17 na 18.

Akatikisa kichwa kukubali, akafuta mikono, ndipo akanipa ufunguo.