Phantom: Fani Moja, Mikono Mingi

Jina lenyewe ni la mzuka. Kampuni ya Rolls-Royce ilipoileta Phantom ya kwanza mwaka 1925 ili irithi nafasi ya Silver Ghost, haikuwa ikiuza gari zima. Iliuza chasisi, injini na ile grili ya mbele yenye umbo la hekalu la Kiyunani. Bodi ilikuwa kazi ya karakana nyingine, kama vile Barker, Hooper na Park Ward, kwa matakwa ya mnunuzi. Ni kana kwamba malenga kadhaa wamepewa bahari moja: mizani ni ile ile, ila vina kila mmoja kajitafutia mwenyewe. Mhakiki asiyezingatia mgawanyo huo wa kazi ataishia kusifu rangi.

Phantom II ilitoka mwaka 1929, nayo ndiyo ya mwisho kusimamiwa na Henry Royce hadi ilipokamilika. Alifariki mwaka 1933. Phantom III ya mwaka 1936 ilikuwa na injini ya silinda 12, na utengenezaji wake ulikatizwa na vita vya mwaka 1939. Watazamaji wa sinema wanaikumbuka zaidi katika filamu ya Goldfinger (1964), ambamo dhahabu ya magendo imefanywa kuwa bodi ya gari. Kejeli hiyo si haba.

Hiyo ndiyo fani. Maudhui ya Phantom yamo katika kioo kinachotenganisha kiti cha mbele na cha nyuma. Katika mtindo mmoja uliopendwa sana miaka ile, dereva alikaa mahali pasipo paa, huku bwana wake akiwa amefunikwa nyuma. Dereva alikalia ngozi, kwa kuwa ngozi huvumilia mvua; bwana alikalia kitambaa laini cha sufi. Leo ngozi hiyo hiyo ndiyo inayotajwa kuwa alama ya anasa, na wachache hukumbuka ilianzia kiti kipi.

Mgawanyo huo ulifikia kilele katika Phantom IV, iliyoanza mwaka 1950 kwa gari la Binti Mfalme Elizabeth. Yalitengenezwa magari 18 tu, na tajiri wa kawaida hakuuziwa. Waliomiliki ni watu kama Shah wa Irani, Jenerali Franco wa Hispania, na Aga Khan III, ambaye wafuasi wake wa Unguja na Dar es Salaam hawahitaji kuelezwa ni nani. Hata hivyo, moja kati ya hayo 18 lilifanywa pikapu ya kubebea mizigo ya kiwanda, kisha likavunjwa. Pikapu hiyo haionekani katika picha za sherehe, ingawa chasisi yake ilikuwa ya nasaba ile ile.

Phantom V ilifuata mwaka 1959, na mmoja wa wanunuzi wake akawa John Lennon. Gari lake lilikuja jeusi. Mwaka 1967 akalipaka manjano, maua na michirizi ya rangi kali. Wako waliouona upakaji huo kuwa utovu wa adabu. Kwa kweli, Lennon alirejesha desturi ya mwaka 1925: mwenye gari kuamua sura ya gari lake.

Phantom VI, iliyoanza mwaka 1968, ilififia mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mwaka 1998 kiwanda cha Crewe kikanunuliwa na Volkswagen, ilhali haki ya kutumia jina la magari hayo ikaenda kwa BMW. Jina likaenda kwake, na nyumba iliyolilea ikabaki kwa mwingine. Phantom ya mwaka 2003 kwa hiyo ilizaliwa Goodwood, katika kiwanda kipya, na bodi yake haikuachiwa karakana za nje. Ni kazi nzuri: milango ya nyuma hufunguka kinyume, na herufi za katikati ya gurudumu hubaki wima gari likienda. Lakini ni kazi ya mwigaji hodari aliyesoma diwani ya marehemu akaikariri.

Phantom ya mwaka 2017 imeweka kioo kirefu juu ya dashibodi, na nyuma yake nafasi ya kazi ya sanaa inayoagizwa na mnunuzi. Imewekwa mbele. Mwenye gari, akikaa nyuma alikokaa sikuzote, huitazama kwa mbali, na aliye karibu nayo ni dereva, ambaye macho yake yanatakiwa barabarani.