Ijumaa za Bao Kikoneni

Wachezaji hodari wa bao hawakosekani Kikoneni. Pita baada ya alasiri penye kivuli cha mwembe utawakuta, na kila mmoja ana sifa yake. Anayejua kuandaa mashindano ndiye adimu. Huyu ninayemzungumzia ni karani katika ofisi moja ya serikali hapo hapo, na mimi namhesabu fundi kamili. Kwa kucheza, yeye ni wa kawaida tu. Lakini mpe watu wanane wanaofanya kazi pamoja, mabao mawili na Ijumaa nne, uone kazi yake.

Mtu asiye na subira angewapambanisha wanane hao kwa mtoano. Mechi ni saba tu, bingwa anapatikana upesi. Tatizo ni kwamba wanne wangeng'olewa siku ya kwanza, na Ijumaa ya pili wasionekane. Karani huwagawa makundi mawili ya watu wanne, kila mtu akutane na wenzake wote wa kundi. Hizo ni mechi kumi na mbili: nne kila Ijumaa kwa wiki tatu, mbili kwa kila bao. Ijumaa ya nne ni nusu fainali mbili na fainali. Hata aliye dhaifu kuliko wote ana uhakika wa kucheza mara tatu, wiki tatu mfululizo, na kila wiki ana sababu ya kubaki baada ya kazi. Hesabu hiyo ameiandika kwa penseli katika daftari la mistari, na sijaona mpango wa ofisi uliotungwa kwa huruma kama ule.

Makundi hupangwa kwa kura, vikaratasi ndani ya kofia, mbele ya wote. Bosi huchota kama dereva anavyochota. Hapo ndipo penye mtego wa mashindano ya kazini, maana mtumishi mdogo anayemwogopa mkubwa wake atajiachia aliwe. Karani hahubiri juu ya jambo hilo. Hupanga tu mechi ya bosi ichezwe ya kwanza na hadharani, tena akamweka karibu mzee mmoja wa mtaa anayejua bao kupindukia. Mbele ya mzee huyo hakuna anayethubutu kucheza ovyo makusudi.

Kisha kete. Kabla ya mechi huzihesabu zote, komwe sitini na nne, na baada ya mechi huzihesabu tena. Kila mchezaji hupata thelathini na mbili: sita katika kishimo kiitwacho nyumba, mbili mbili katika vishimo viwili vilivyo kulia kwa nyumba, na ishirini na mbili zinabaki mkononi za kunamua, yaani kuingizwa baoni moja moja. Nimemtazama akifanya hivyo. Hutia kete moja moja, taratibu, ili wageni wa mchezo wafuate kwa macho, na hafuniki kishimo kwa kiganja hata mara moja. Kete moja ikipungua mechi haianzi, hata kama jua linazama.

Sheria husomwa kabla, kwa kuwa bao kila mtu amefundishwa na babu yake. Ugomvi mkubwa huwa juu ya nyumba. Unakula, unasambaza, kete yako ya mwisho inaangukia nyumbani kwako: una hiari ya kulala hapo, au kuichota nyumba yote usafiri nayo. Wengine huchota, wakaona mbele hakuna kitu, wakataka kurudisha. Kanuni yake ni fupi: mkono ukishachota, umesafiri. Siku moja nilimsikia akimwambia mchezaji mwenye umri wa baba yake, kwa sauti ya chini, "Samahani mzee wangu, umeshachota. Safiri tu." Mzee alisafiri, akapoteza nyumba, na hakuna aliyekasirika kwa sababu kanuni ilikuwa imesomwa akiwapo.

Watazamaji nao wana midomo. Bao halichezeki penye kelele za "Kula huku! Takata!" kwa sababu mchezaji anazungusha hesabu kichwani kabla hajagusa kete. Mholanzi Alex de Voogt, aliyewachunguza mabingwa wa Zanzibar na kutoa kitabu chake mwaka 1995, alishughulika hasa na uwezo huo wa akili. Karani hawafukuzi wapiga kelele. Huwapa kazi: huyu ahesabu kete za akiba, yule aandike matokeo, mwingine amimine kahawa. Mwenye kazi hunyamaza.

La zawadi amelifikiria kuliko yote. Wachezaji wangechanga pesa ili mshindi azibebe, hiyo ingekuwa kamari, na katika mji wenye Waislamu wengi nusu ya meza ingeondoka, kwa haki yao. Kwa hiyo michango ni ya mahamri, mbaazi na kahawa, na aliyeshindwa hula sawasawa na aliyeshinda. Mshindi hupata kikoi, na kikoi hununuliwa na mtu asiyecheza. Naona huo ni uamuzi bora kuliko mingine yote katika daftari lile, kwa kuwa umewaingiza watu ambao wangebaki nje, wakiwemo akina mama wa ofisini waliokuwa wakidhani bao ni la barazani kwa wanaume. Mmoja wao sasa anaogopwa.

Yote humalizika kabla ya magharibi, watu wawahi swala na bodaboda. Kama ofisini kwenu mna mtu wa namna hii, anayehesabu mara mbili na kusema kwa upole, mnunulieni daftari na mumwachie Ijumaa. Mabao yanapatikana, fundi seremala yeyote atawachongea.