Kifaru na Mizani ya Peter Singer

Mwaka 1975 Peter Singer, mwanafalsafa wa Australia, alichapisha Animal Liberation. Mwaka huo huo kifaru mweupe wa kaskazini, dume mchanga aliyekuja kuitwa Sudan, alinaswa Shambe, mahali palipo sasa Sudan Kusini, akapelekwa Chekoslovakia. Maisha ya mnyama huyo yanakipima kitabu hicho vizuri kuliko mabishano mengi ya wasomi.

Singer anamfuata Jeremy Bentham: kinachomfanya kiumbe ahesabiwe ni uwezo wake wa kuumia, si akili wala usemi. Sarufi ya Kiswahili yaelekea kumuunga mkono. Kifaru wa mwituni, ijapokuwa jina lake lina ki-, husemwa amekufa. Kifaru cha vita ndicho husemwa kimeharibika. Lakini spishi imetoweka. Sarufi, bila shaka, si hoja ya maadili. Hata hivyo yaonyesha pengo lilipo. Mizani ya Singer humpima yule wa a-. Ile ya i- haiumii, kwa hiyo haina uzito.

Tarehe 19 Machi 2018, huko Ol Pejeta, Laikipia, madaktari walimwua Sudan kwa dawa ili kumkatizia mateso ya uzee. Hapo Singer anatosheleza. Walibaki majike wawili tu, binti yake Najin na mjukuu wake Fatu, ambao tangu 2019 walilazwa kwa dawa ili watolewe mayai ya uzazi. Mwaka 2021 Najin aliachishwa kwa sababu ya umri na afya yake. Uamuzi huo pia Singer angeuafiki.

Fatu je? Yeye hakupata faida yoyote kwa kulazwa kwake. Atajibiwa mhakiki kwamba ipo raha ya ndama watakaozaliwa. Lakini ndama wa kifaru mweupe wa kusini, ambao jamaa zao wamo kwa maelfu, wangalionja nyasi kwa raha ile ile. Ama ikisemwa kwamba ni furaha ya wanadamu watakaowatazama, basi kifaru amerudishwa kuwa chombo cha kumburudisha mtu, jambo ambalo kitabu chenyewe kilikusudia kulipinga. Singer hana jibu la tatu. Nao waliomlaza Fatu hawakumngojea alitoe.