Picha, Kampeni na Mchezo wa Raga: Tahakiki ya Kazi za Mpigapicha Boniface Mwangi

Katika kurasa kama hizi tumezoea kuhakiki riwaya, tamthilia na diwani za mashairi. Mara hii twaomba ruhusa ya wasomaji tumhakiki msanii ambaye kalamu yake ni kamera. Wanafunzi wetu wa leo hukutana na siasa kwa macho kabla ya kukutana nayo kwa masikio: mabangoni, magazetini na katika simu za mkononi. Sisi walimu humfundisha mwanafunzi kuichambua sentensi neno kwa neno, lakini picha humwachia aimeze nzima nzima. Hoja yetu ni hii: picha ni shahidi aliye bubu. Ameona, lakini hawezi kusema mpaka asemewe, na anayemsemea ndiye mwenye nguvu. Kusemea ni kazi ya lugha, kwa hiyo yatuhusu.

Msanii na kazi zake

Boniface Mwangi ni Mkenya aliyezaliwa mwaka 1983. Alijulikana alipokuwa mpigapicha wa gazeti la The Standard la Nairobi, hasa kwa picha alizozipiga wakati wa machafuko yaliyofuata uchaguzi wa tarehe 27 Desemba 2007. Mwaka 2009 alianzisha maonyesho aliyoyaita Picha Mtaani, ambayo yalizitoa picha zile katika kurasa za magazeti na kuzipeleka mijini, barabarani, wapita njia wakazitazama bila kiingilio. Mwaka 2017 aligombea ubunge wa Starehe, Nairobi, kwa tiketi ya chama cha Ukweli, akashindwa na mwanamuziki Charles Njagua Kanyi, ajulikanaye kwa jina la Jaguar. Kampeni ile ndiyo kiini cha filamu ya hali halisi iitwayo Softie, iliyoongozwa na Sam Soko na kutolewa mwaka 2020. Filamu hiyo ilipata tuzo ya uhariri katika tamasha la Sundance, Marekani. Agosti 2025 Mwangi alitangaza nia ya kugombea urais mwaka 2027. Tahakiki yetu basi haimhusu marehemu ambaye kazi yake imefungwa. Yamhusu mtu ambaye bado yumo uwanjani, na yafaa tumpime kwa haki, bila kumpigia kampeni wala kumpiga vita.

Maudhui: mchezo na vita

Gazeti lolote la Nairobi huweka siasa katika ukurasa wa mbele na michezo katika kurasa za nyuma. Tuchukue picha mbili, moja ya mbele na moja ya nyuma, tuzifute maelezo yaliyo chini yake. Katika ya kwanza vijana wamesukumana katika mkutano wa kampeni, mmoja ameshikwa shingo, mwingine yu chini. Katika ya pili wachezaji wa raga wamerundikana juu ya mpira, mmoja ameshikwa kiuno, mwingine yu chini. Mtu asiyejua raga akiulizwa ni ipi picha ya ugomvi, huenda akaionyesha ya pili.

Raga si ngeni tena katika Kenya. Ililetwa na walowezi wa Kiingereza, lakini mwaka 1977 wachezaji Waafrika waliunda klabu yao jijini Nairobi wakaipa jina la Kiswahili, Mwamba. Mashindano ya wachezaji saba kila upande huchezwa miji kwa miji, Mombasa ikiwa mmojawapo. Na tarehe 17 Aprili 2016, huko Singapore, timu ya Kenya chini ya mkufunzi Benjamin Ayimba, ambaye sasa ni marehemu, iliishinda Fiji kwa pointi 30 kwa 7 katika fainali, nayo Fiji ni nchi inayosifika kuliko zote kwa raga ya namna hiyo.

Sasa tuitazame sheria ya msingi ya mchezo huu. Mchezaji anayetaka kwenda mbele haruhusiwi kuurusha mpira mbele kwa mkono. Hana budi kumpa mwenzake aliye nyuma au sambamba naye. Hakuna picha moja iwezayo kuionyesha sheria hiyo. Picha itamwonyesha mtu anayekimbia huku akigeuza uso nyuma, na asiyejua atadhani ni mwoga anayetazama amfukuzaye. Mwenye kujua ataona kwamba anamtafuta mwenziwe. Vivyo hivyo, msukumano ule wa kutisha una mwamuzi, una mipaka ya chokaa, una muda. Katika mchezo wa saba kila kipindi ni dakika 7 tu, na kipenga kikilia watu huachana wakapeana mikono.

Siasa ya vyama nayo hudai kuwa ni mashindano ya namna hiyo. Lakini tuyatazame maneno yake katika Kiswahili. Tunasema mgombea, kutokana na kugomba na kugombea. Tunasema kinyang'anyiro cha urais, na mzizi wake ni kunyang'anya, yaani kuchukua cha mtu kwa nguvu. Jimbo lenye wafuasi wengi wa chama huitwa ngome, na chama chenyewe kambi. Aliyeshindwa amebwagwa au ameangushwa. Marehemu Raila Odinga alipendwa sana mikutanoni kwa namna alivyousimulia uchaguzi kama mpira wa miguu, akimtaja nani ana mpira na nani kampiga chenga. Umati ulicheka, nasi twaona kwamba ulikuwa na haki ya kucheka, kwa maana yeye angalau aliutoa uchaguzi vitani akaurudisha uwanjani.

Mwaka 2007 mwamuzi ndiye aliyekosekana. Matokeo ya urais yalitangazwa tarehe 30 Desemba, na Mwai Kibaki akaapishwa jioni ile ile. Tume ya Jaji Kriegler iliyochunguza uchaguzi huo mwaka 2008 ilieleza kwamba hesabu zilivurugwa kiasi cha kutoweza kujulikana nani alishinda. Tume ya Jaji Waki nayo ilihesabu watu 1,133 waliokufa. Hapo maneno kinyang'anyiro na ngome yalikoma kuwa tamathali za usemi, yakawa habari. Na hapo ndipo picha za Mwangi zinapopata uzito wake: nyumba zinazoungua, vijana wenye mapanga, watu wanaokimbia. Hizo zilikuwa picha za mchezo uliokosa kipenga.

Fani: kutoka ukingoni hadi uwanjani

Nguvu ya Picha Mtaani haimo katika picha peke yake, bali mahali zilipowekwa. Picha ya gazeti huonwa asubuhi, na kufikia jioni imefungiwa mandazi. Picha iliyosimamishwa barabarani humlazimu mpita njia asimame, na pembeni yake amesimama mpita njia mwingine, pengine wa kabila lile lile analolitazama pichani. Hapo mmoja hana budi kusema neno. Jina la maonyesho lenyewe lafaa kusifiwa kwa ufupi wake: maneno mawili ya Kiswahili ambayo mchuuzi na wakili huyaelewa sawasawa. Hapa shahidi bubu alipewa wakalimani wengi, na kwa maoni yetu hii ndiyo kazi bora ya msanii huyu.

Filamu ya Softie ina ufundi wa aina nyingine. Jina lake ni lakabu ya utotoni ya Mwangi, lenye maana ya mtu laini, na kejeli yake hudhihirika kadiri hadithi inavyoendelea. Mpigapicha husimama ukingoni mwa uwanja. Humwona mchezaji, naye haonwi. Mwangi anapochukua fomu ya kugombea anauvuka mstari wa chokaa. Tangu hapo kamera imo mikononi mwa mwingine, na yeye aliyezoea kuwachagulia watu sura ya kuonyeshwa, sasa anaonyeshwa: akichoka, akikasirika, akibishana na mkewe Njeri kuhusu lipi litangulie, nchi au familia. Sam Soko amefanya vema kuingia nyumbani. Picha za magazeti hutuonyesha mgombea akiwa juu ya gari na mikono hewani. Hazituonyeshi mtoto anayemngoja mlangoni, wala hofu ya mama wakati vitisho vinapofika. Bila Njeri filamu hii ingekuwa bango la kampeni lililorefushwa. Kwa kuwa yeye yumo, ni tamthilia.

Kasoro

Hata hivyo tuna malalamiko mawili. La kwanza ni kuhusu mpiga kura. Mwangi alikataa kununua kura, na filamu yatuonyesha jinsi uamuzi huo ulivyokuwa mgumu mbele ya watu waliozoea kuombwa kura kwa mkono wenye noti. Lakini mtu anayeomba fedha hapewi nafasi ya kutosha ya kujieleza. Huonekana kama kikwazo katika njia ya shujaa. Sisi tungependa kumsikia. Pengine angesema kwamba miaka mitano yote hamwoni mbunge, na siku ya kampeni ndiyo siku pekee ya kudai chochote. Wahenga walinena kwamba mwenye njaa hana miiko. Methali hiyo haihalalishi rushwa, lakini humtaka hakimu aiulize njaa nayo.

La pili ni la lugha. Maonyesho yaliitwa Picha Mtaani, filamu ikaitwa Softie. Twafahamu kwamba filamu ilitafuta watazamaji wa ng'ambo, na iliwapata. Lakini ushahidi unaopelekwa mbali kwa jina la kigeni haurudi nyumbani kwa urahisi. Raga yenyewe yatufundisha: asiyemtazama mwenziwe aliye nyuma hawezi kuupeleka mpira mbele.

Pale ambapo shahidi hayupo

Msomaji wa visiwa vyetu vya Wabajuni, wa Fuma, Koyama, Ngumi, Chovai au Chula, huenda akauliza mambo ya Nairobi yamhusu nini. Yamhusu sana. Somalia ilifanya uchaguzi wa vyama vingi Machi 1969. Vyama vilizidi 60 na wagombea walizidi 1,000, viti vikiwa 123 tu. Chama cha SYL kilipata viti 73, kisha takriban wabunge wote wa vyama vingine wakahamia kwake. Tarehe 15 Oktoba mwaka ule Rais Abdirashid Ali Sharmarke aliuawa; tarehe 21 jeshi likashika serikali na vyama vikapigwa marufuku. Ni mwanafunzi gani wetu aliyewahi kuonyeshwa picha ya mkutano wa kampeni uliofanyika visiwani katika mwaka huo? Mwezi Julai wa mwaka huo huo Tom Mboya alipouawa Nairobi, Mohamed Amin alifika na kamera yake, na hadi leo Wakenya hubishana juu ya kifo kile huku wakizitazama picha. Sisi hubishana juu ya yetu kwa kumbukumbu za wazee, nao wanatutoka.

Hasara yake haikuwa ya historia tu. Serikali ilipoanguka Januari 1991, Wabajuni wengi walikimbilia Kenya, na baadaye baadhi yao wakaomba hifadhi Uingereza. Huko walidaiwa wathibitishe kwamba wao ni Wabajuni kweli, na kipimo kimoja kilikuwa ulimi: sauti zao zilirekodiwa na kupelekwa kwa wachambuzi wa lugha. Hatima ya mtu ikaning'inia juu ya namna anavyotamka neno. Mpigapicha wa Nairobi alikuwa na picha akatafuta lugha ya kuzisemea. Mtu wa Fuma alikuwa na lugha, hana picha ya kuisimamia. Wote wawili wametufunza kwamba shahidi mmoja hatoshi.

Hitimisho

Kwa jumla, Boniface Mwangi ametufanyia kazi kubwa kama mpigapicha, na Sam Soko ametuonyesha gharama yake. Kama mwanasiasa, Mwangi atahukumiwa na wapiga kura, si na wahakiki wa Kiswahili. Kwetu sisi walimu limebaki jambo moja la kutenda. Tuzichukue picha za kampeni na za michezo, tuzikate maelezo yake, tuwape wanafunzi waandike sentensi moja chini ya kila picha. Kisha tuwaulize: umeandika ulichokiona, au ulichokisikia kwa baba yako? Ni nani aliyeko nje ya fremu? Mwamuzi yu wapi? Mwanafunzi akizoea kuuliza maswali hayo darasani, atayauliza pia siku ya kupiga kura, na haitakuwa rahisi kwa yeyote kumwambia kwamba jirani yake ni ngome ya adui.