Kukata Kirai Kihusishi: Uhakiki wa Kanuni Moja ya Kufundishia Sarufi ya Kiingereza

Kanuni iliyozoeleka katika ufundishaji wa sarufi ya Kiingereza humwagiza mwanafunzi akate kwanza virai vihusishi, kisha atafute kiima na kitenzi katika maneno yaliyosalia. Kanuni hii inafaa katika sentensi "The price of the books has risen": "of the books" ikikatwa, "price" hubaki wazi kuwa neno kuu la kiima. Hata hivyo, katika "Most of the books are new" na "Most of the water is clean", virai vinavyokatwa ndivyo vinavyoamua umbo la kitenzi.

Kasoro ya pili inawahusu wazungumzaji wa lugha za Kibantu. Katika "Mezani pana vitabu", kiambishi pa- hupatana na "mezani". Katika "On the table are books", kitenzi hupatana na "books". Mwanafunzi anayeichukua "table" kuwa kiima hakukosa mantiki. Amehamisha upatanisho wa lugha yake.

Suala hili lina uzito nchini Rwanda, ambako mwaka 2008 serikali iliamua Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia. Kinyarwanda nacho husema "Ku meza hari ibitabo", ambapo ha- ni kiambishi cha mahali. Kwa hiyo, inapendekezwa kwamba vitabu vya kiada vianze na swali hili: kitenzi kinapatana na neno gani, na je, lugha ya mwanafunzi ingelichagua neno hilohilo? Ukataji wa virai ubaki mbinu ya ziada, na mipaka yake ielezwe.