Kalamu ya Mfungwa

Shuleni kunakili kwa mkono kumebaki adhabu. Aliyechelewa namba au kupiga kelele darasani ndiye anayeamriwa kuandika sentensi ileile mara hamsini. Aliyetulia husamehewa kalamu. Kila nionapo daftari la namna hiyo humkumbuka mtu aliyeiomba kazi hii mwenyewe, naye tayari anatumikia kifungo.

Malcolm Little, ambaye baadaye dunia ilimjua kwa jina la Malcolm X, mtetezi wa haki za Wamarekani Weusi, alifungwa Massachusetts mwaka 1946 kwa wizi wa kuvunja nyumba. Shule aliiacha baada ya darasa la nane. Mitaani Harlem, New York, hakuna aliyemshinda kwa maneno. Kwenye karatasi alikuwa bubu. Alitamani kumwandikia Elijah Muhammad, kiongozi wa Nation of Islam, barua yenye heshima yake, lakini lugha ya mtaani ilimgomea, na hata mistari yenyewe ilikwenda mshazari.

Huko gereza la Norfolk akaomba kamusi, madaftari na penseli. Siku mbili alifunua kurasa tu, asijue ashike lipi aache lipi. Kisha akaanza ukurasa wa kwanza, kwa mwandiko wake mbovu, akinakili kila kilichochapwa humo, nukta na mkato visiachwe. Ukurasa huo mmoja ulimla kama siku nzima. Alipomaliza akajisomea yote kwa sauti, akarudia, akarudia tena. Kesho yake aliamka maneno bado yakimzunguka kichwani. Aliyemkaa akilini zaidi ni mnyama wa Afrika aliyechorwa pale, mwenye masikio marefu, mchimba mashimo na mla mchwa: muhanga. Wengi wetu tunaoishi naye nchi moja hatujawahi kumtia machoni. Mfungwa wa Marekani alimhifadhi kwa kuwa mkono wake ulimpitia herufi kwa herufi.

Akamaliza A, akaingia B. Mkono ulipozoea, mwendo ukaongezeka, hata kwa maelezo yake mwenyewe akaimaliza kamusi nzima. Ndipo vitabu vikamfungukia. Taa za vyumba zilizimwa saa nne usiku, naye akakaa sakafuni kufuata mwanga uliopenya kutoka koridoni. Askari alipita kila saa. Akisikia nyayo hurukia kitandani ajifanye amelala. Zikishapita, hurudi chini kusoma hadi saa tisa, saa kumi. Aliingia gerezani macho yake mazima, akatoka na miwani.

Leo kamusi imo ndani ya simu. Neno gumu tunaligusa kwa kidole, maana inajitokeza, na kabla chai haijapoa tumeshalisahau. Barua imegeuka ujumbe wa sauti, na maandishi yaliyosalia yamenyofolewa irabu mpaka yamebaki mifupa. Wazee wetu walioishia darasa la nne waliandika kwa hati ambayo uliitambua juu ya bahasha, kabla hujalisoma jina la mtumaji. Hati hizo zinazikwa pamoja nao.

Sisi tuna vyeti, na tukitakiwa barua ya kurasa mbili tunatafuta wa kutuandikia. Tumekuwa kama Malcolm kabla ya kamusi: wasemaji hodari mtaani, mabubu kwenye karatasi. Tofauti ni kwamba yeye hali hiyo ilimuuma.