Chombo Kisichorekebishika: Hesabu za Safari ya Alpha Centauri

Tarehe 12 Aprili 2016, jijini New York, bilionea Yuri Milner na mwanafizikia Stephen Hawking walitangaza mradi wa Breakthrough Starshot. Nia yake ilikuwa kutuma vyombo vya gramu chache hadi Alpha Centauri, mfumo wa nyota ulio jirani zaidi na Jua letu, kwa kuvisukuma na mwanga wa leza. Milner aliahidi dola milioni 100 za utafiti. Watu wengi walishika namba moja, gigawati 100 za nguvu ya leza, wakauliza umeme wote huo utatoka wapi. Ni swali la haki, ila si gumu kuliko yote. Ukiuchambua mradi hatua kwa hatua utaona kwamba ugumu wenyewe uko kwingine. Vyombo vya kwenda sayari za mbali tumezoea kuvirekebisha vikiwa njiani. Chombo cha Starshot, kikishaondoka, hakirekebishiki.

Tuanze na sababu ya kutumia leza. Alpha Centauri iko umbali wa miaka ya nuru 4.37, sawa na kilomita trilioni 41 hivi. Chombo cha Voyager 1, kilichorushwa mwaka 1977, huenda kilomita 17 kwa sekunde. Umbali huo ungekichukua zaidi ya miaka 70,000. Roketi kubwa zaidi haitusaidii, kwa kuwa roketi hubeba mafuta yake, na mafuta hayo yanadai mafuta mengine ya kuyasukuma. Gesi ya roketi nzuri ya kikemikali hutoka kwa takribani kilomita 4.5 kwa sekunde. Ukitaka kufika kilomita 60,000 kwa sekunde, yaani asilimia 20 ya kasi ya nuru, mafuta yanayohitajika yanazidi maada yote ya ulimwengu tunaoweza kuuona.

Njia iliyobaki ni kuiacha injini nyumbani. Mwaka 1984 Mmarekani Robert Forward alichapisha mpango wa tanga linalosukumwa na leza, lakini tanga lake lilikuwa na upana wa kilomita kadhaa na lilihitaji lenzi ya kilomita 1,000. Philip Lubin wa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, aliigeuza hesabu: badala ya kukuza mtambo, punguza mzigo. Simu za mkononi zilikwisha kutufundisha kuzibana kamera, redio na kompyuta ndani ya chipu. Basi chukua chipu ya gramu moja, itundike kwenye tanga la gramu moja lenye mita nne kwa nne, kisha lipige tanga hilo kwa leza.

Mwanga hauna uzito, lakini una msukumo. Japani ilithibitisha hilo safarini mwaka 2010 kwa chombo chake cha IKAROS, ambacho tanga lake la mita 14 kwa 14 lilipata kutoka kwenye Jua msukumo wa takribani sehemu moja ya elfu ya nyutoni. Gigawati 100 zikiakisiwa zote hutoa nyutoni 667 hivi, karibu sawa na uzito wa mtu mzima. Kwa chombo cha gramu mbili, huo ni mchapuko wa zaidi ya mara 30,000 ya mvutano wa dunia. Huenda chipu ikauhimili, maana vifaa vya kielektroniki ndani ya makombora ya mizinga huvumilia zaidi ya mara 10,000. Ndani ya dakika tatu au nne kasi inayotakiwa imefikiwa, na chombo kimeshapita kilomita milioni 5, zaidi ya mara 13 ya umbali wa Mwezi.

Kwa nini haraka yote hiyo? Kwa sababu miali ya leza hutawanyika. Ili doa la mwanga libaki na upana wa mita nne kwa umbali wa kilomita milioni 5, kioo cha kurushia kinapaswa kuwa na upana wa zaidi ya kilomita moja. Ukisukuma polepole, chombo kitahitaji njia ndefu zaidi ya kuchapukia, na mtambo wako utazidi kupanuka. Kioo kimoja cha kilomita nzima hakijengeki, kwa hiyo mpango ni kupanga leza ndogondogo nyingi sana ambazo mawimbi yao yanakwenda kwa hatua moja, kana kwamba ni leza moja, huku zikisahihisha mtikisiko wa hewa juu yao. Darubini kubwa hufanya usahihishaji wa namna hiyo tayari, ila kwa mwanga unaoingia na kwenye kioo chenye upana wa mita, si wa kilomita.

Mahali pa kuujenga mtambo huo pia pana masharti. Alpha Centauri iko karibu nyuzi 61 kusini mwa ikweta ya anga. Kutoka kilele cha Kilimanjaro nyota hiyo haipandi zaidi ya nyuzi 32 juu ya upeo, hivyo leza ingepenya hewa karibu mara mbili ya ile iliyo wima juu ya kilele. Kwenye jangwa la Atacama, Chile, inapanda zaidi ya nyuzi 50, tena hewa ni kavu. Nusu ya kusini ya dunia, juu na pakavu: hapo ndipo hesabu inapoelekeza.

Sasa tanga lenyewe. Gramu moja ikitandazwa juu ya mita za mraba 16 ni miligramu 62.5 kwa mita moja ya mraba. Karatasi ya ofisini ni gramu 80. Likitengenezwa kwa silikoni naitraidi, unene wake hautazidi nanomita 20 hivi. Utando huo unapigwa na mwanga wenye nguvu zaidi ya mara milioni nne ya jua la mchana nje ya angahewa. Aluminiamu iliyong'arishwa humeza asilimia kadhaa ya mwanga, kwa hiyo ingegeuka mvuke papo hapo. Hata tanga likimeza sehemu moja tu kwa 100,000, bado linabaki na megawati nzima ya joto. Lingekuwa mng'aaji kamili wa joto pande zote mbili, lingetulia karibu na nyuzi 590 za Selsiasi. Lakini utando mwembamba na mng'avu hutoa joto kwa shida, hivyo lingezidi hapo. Umezaji unapaswa kushushwa hadi sehemu chache kwa milioni, au pungufu. Na kadiri tanga linavyoongeza kasi, linaiona leza ikiwa na wimbi refu zaidi: ya nanomita 1,064 huwa karibu 1,300 mwishoni. Kioo kilichotengenezwa kwa rangi moja tu kitaanza kupoteza uwezo wake safarini.

Hapa ndipo kutorekebishika kunapoanza kuuma. Tanga likitetereka likiwa kilomita milioni 5 mbali, habari hiyo itafika duniani baada ya sekunde 17 hivi, na marekebisho yatachukua sekunde nyingine 17 kulifikia. Kwa mchapuko ule, tanga litakuwa limeshatoka kwenye mwanga zamani. Kwa hiyo uendeshaji lazima uwe ndani ya umbo lenyewe. Mwaka 2017 watafiti Zachary Manchester na Avi Loeb walipendekeza tanga la duara kama mpira, linalobebwa na mwanga uliopangwa ili katikati uwe hafifu na pembeni mkali. Likisogea upande, mwanga wa pembeni hulirudisha. Mwaka 2019 Ognjen Ilic na Harry Atwater wa Caltech walionyesha kwa hesabu kwamba uso uliochorwa michoro midogo kuliko wimbi la mwanga unaweza kuitupa miali pembeni kwa namna inayoleta uthabiti huohuo.

Kulenga nako hakuna nafasi ya pili. Kosa la sehemu moja kwa 3,600 ya nyuzi moja huzaa mkengeuko wa kilomita milioni 200 mwisho wa safari, umbali unaozidi ule wa Dunia na Jua. Nyota yenyewe inahama, na katika miaka 22 ya safari itakuwa imesogea angani mara 80 ya kosa hilo. Unalenga mahali itakapokuwapo.

Njiani kuna vumbi. Kwa kasi ya asilimia 20 ya nuru, chembe yenye upana wa sehemu moja ya elfu ya milimita huja na nishati ya juli mbili hivi, zote kwenye nukta moja, na kila atomu ya hidrojeni hugonga kama protoni iliyotoka kwenye mashine ya kuharakishia chembe. Mtafiti Thiem Hoang na wenzake walilichambua tatizo hilo mwaka 2017. Tiba inayojadiliwa ni kukigeuza chombo kiende kwa ukingo, ili kipokee mapigo machache, na kuukinga ukingo huo kwa tabaka la kinga.

Kikifika, hakina breki. Kitapita umbali sawa na wa Dunia hadi Jua kwa dakika 42. Picha zote zitapigwa humo, kisha zitumwe nyumbani, na kwa maoni yangu fundo gumu kuliko yote liko hapo. Tuseme chombo kina leza ya wati moja na kinafanikiwa kulitumia tanga lote kama kioo cha kurushia. Darubini ya mita 39 inayojengwa Chile ingepokea, katika hali bora kabisa, makumi ya fotoni kwa sekunde. Kioo cha kurushia kikiwa cha sentimita 10 tu, ni fotoni mbili kwa dakika, kando ya nyota inayowaka. Hiyo wati moja nayo si rahisi: gramu nzima ya Plutoniamu-238 hutoa takribani nusu wati ya joto, na umeme pungufu zaidi ya hapo. Chombo kitalazimika kudunduliza nishati na kuzungumza kwa vipindi vifupi.

Jibu la wabunifu kwa yote haya ni idadi. Mtambo ukishajengwa, kila urushaji hutumia mwanga wa gigawati-saa sita hivi, na chipu ni za bei nafuu. Mwaka 2019 Manchester na wenzake waliachia vyombo 105 vya aina ya Sprite kwenye mzingo wa dunia, kila kimoja na gramu chache na gharama isiyofika dola 100. Tuma elfu, vikipotea 900, umebaki na 100.

Hoja hiyo ina nguvu, lakini ina mpaka. Idadi hutibu bahati mbaya, kama chembe ya vumbi iliyokipata chombo kimoja. Haitibu kosa la muundo. Tanga likiyeyuka kwa sababu umezaji ulikadiriwa vibaya, yote elfu yatayeyuka. Na majibu ya kundi la kwanza yatapatikana baada ya miaka 26 au zaidi, 22 ya kwenda na zaidi ya minne ya habari kurudi. Fundi asiyeweza kuona matokeo ya kazi yake kabla ya kustaafu hawezi kujifunza kwayo.

Ndiyo maana hatua za maabara zina uzito kuliko matangazo. Mwaka 2025 kikundi cha Caltech kilipima msukumo wa leza kwenye utando wa silikoni naitraidi wenye unene wa nanomita 50, mraba wa maikromita 40 tu. Mwaka huohuo watafiti wa Delft, Uholanzi, na Chuo Kikuu cha Brown, Marekani, walitengeneza utando wa milimita 60 kwa 60 wenye unene wa nanomita 200, uliotobolewa mabilioni ya vitundu. Kutoka milimita 60 hadi mita nne bado ni mbali, lakini ni umbali unaopimika.

Hatua inayofuata si nyota. Kwa kasi ya asilimia 20 ya nuru, Pluto, ambayo chombo cha New Horizons kiliifikia baada ya miaka tisa na nusu, ni mwendo wa siku moja. Mtambo mdogo, unaoleta sehemu ya kumi tu ya kasi hiyo, ungetoa majibu ndani ya siku kumi na kitu: tanga limeungua au halikuungua, limebaki kwenye mwanga au limetoka, fotoni ngapi zimerudi. Chombo kisichorekebishika njiani hurekebishwa kwa kutengeneza kinachofuata, na hilo linahitaji shabaha ya karibu. Mpango wowote wa Alpha Centauri usioanza na Pluto, binafsi siuhesabu kuwa mpango.